Kifungo

Mtu akiniona mjini hapa hushika kifungo cha koti lake,
hukibana kwa vidole viwili, hunong'ona ombi,
kwani mfagia dohani, ndivyo walivyoambiwa utotoni,
hupita na bahati begani, kando ya brashi na kamba.
Miaka thelathini na mitatu nimevaa nyeusi juu ya mapaa haya,
na bahati sijaiona.
Nimeona masizi.

Masizi husomeka.
Ya makaa makavu ni vumbi jepesi, ukilipuliza linakwenda.
Ya kuni mbichi hung'ang'ania tofali kama lami.
Ya mlango wa kabati uliopakwa vanishi hunuka dawa,
na ya chupa za plastiki, ya soli za viatu,
hunata, hung'aa, yana rangi ya mgongo wa mende.
Watu husema pafukapo moshi pana moto.
Mimi huuliza: moto wa nini?

Januari hewa husimama.
Mji wetu umekaa bondeni kama mchuzi bakulini
na baridi huja kuufunika.
Moshi hupanda, hugonga kifuniko, hurudi,
huingia shuleni bila kubisha hodi,
hulala juu ya theluji hadi theluji ikaota mvi.
Misonobari ya makaburini imepukutika upande mmoja,
ule unaotutazama.
Na Bi Dobrochna alianika shuka jeupe asubuhi;
jioni alikunja kitu cha rangi ya panya.

Namba tisa, Mtaa wa Wachimbaji,
anakaa Mwalimu Halszka, aliyenifundisha kugawanya.
Pensheni yake aliigawanya mbele yangu, kwa penseli:
dawa ya moyo, mkate, umeme.
Baki, sifuri.
"Makaa hayakuingia, Wincek."
Nikapenyeza mkono ndani ya dohani yake.
Ukatoka unang'aa.

Ng'ambo ya barabara, hatua kumi na nne,
dirisha la Jagna, wa miaka sita.
Mama yake ameziba nyufa kwa taulo zilizoloweshwa.
Usiku kifua cha mtoto hupiga filimbi
ambayo hakuna aliyemfundisha.

Halmashauri imenipa daftari la kijani:
niandike nyumba, niandike kilichochomwa.
Faini ni pensheni ya miezi miwili,
au kifungo.
Kifungo! Nikajikuta nimeshika changu.
Nilikaa ngazini, daftari gotini, kalamu imeganda,
nikaiweka kwapani ipate joto,
na wino ulipokubali, mimi nikakataa.
Mwalimu akaniletea chai.
Tukanywa, tukikohoa kwa zamu, kama watu wanaopokezana salamu.

Siku ya tatu gari la wagonjwa lilisimama hatua kumi na nne kutoka pale.

Nami nilikuwa na miadi yangu hospitalini.
Daktari akaning'iniza picha mbele ya taa.
"Unavuta sigara, Bwana Kłos?"
Sijawahi.
Nikazitazama: dohani mbili zisizofagiwa,
na brashi yangu haifiki huko.

Wodini, Jagna aliniona nimesimama mlangoni na nguo zangu nyeusi.
Nguo ya hospitali haina vifungo, hufungwa kwa uzi mgongoni;
alijipapasa kifuani, akakosa,
akanyoosha mkono wenye sindano
akashika changu.
Akavuta pumzi. Akavuta tena.
Kikang'oka.

Napanda mapaa sasa koti likiwa wazi.
Daftari bado jeupe pale penye namba tisa,
na sijui kama huo ni wema.
Jana nilimpelekea Mwalimu gunia, makaa makavu, ya bei,
nikaliwasha jiko mwenyewe, nikatoka nje kutazama.
Ulipanda mwembamba, wa kijivu hafifu.
Nao ni moshi.
Ng'ambo, mkono wa mtu
ulikuwa ukisukuma taulo ufani.